Larry Hakustahili Mapokezi Yale

Waliotazama picha za tarehe 15 Februari 2011 wanakumbuka. Larry, paka dume mwenye rangi ya kahawia na nyeupe, anafika 10 Downing Street, makazi ya waziri mkuu wa Uingereza, kutoka kituo cha wanyama cha Battersea, London, na siku hiyohiyo anapelekwa mbele ya kamera. Mwandishi wa televisheni ya ITV anajaribu kumtambulisha kwa watazamaji. Larry anamparua, anachomoka, anaingia chini ya meza. Watu walicheka, magazeti yakapata kichwa cha habari, na lawama akabebeshwa paka. Waliokosea ni wenyeji wake.

Paka akitoka kituoni hupoteza ndani ya saa chache kila harufu aliyoizoea. Hajui nyayo zipi ni za rafiki wala mlango upi unaelekea wapi. Kwa hiyo mpokeaji huanza kwa kumpunguzia dunia: chumba kimoja kilichofungwa, trei ya mchanga kona moja, chakula na maji mbali nayo, na pa kujificha, hata boksi la karatasi lililolazwa ubavu. Kisha mtu mmoja huketi sakafuni, bila kumkodolea macho, akingoja paka aje mwenyewe kunusa vidole. Yuko anayetoka baada ya saa moja; yuko anayehitaji wiki nzima, na apewe.

Larry alipewa taa, wageni na mikono asiyoijua.

Kucha si neno lake la kwanza, ni la mwisho. Kabla ya kuparua, paka hulaza masikio, hutanua mboni, huchapa mkia huku na huku, mwili ukakakamaa. Mwenye jicho humweka chini hapohapo na kurudi nyuma. Siku ile hakuna aliyemsoma, au aliyemsoma hakuthubutu kuzima kamera. Meza ile ndiyo iliyompa alichonyimwa na watu: kiza, kuta na utulivu.

Uamuzi wenyewe wa kumchagua Larry ulikuwa safi. Panya alikuwa ameonekana kwenye televisheni mbele ya mlango wa waziri mkuu Januari ile, na Battersea wakamtoa paka wa mtaani, wa miaka kama minne, aliyeonyesha hamu kubwa ya kuwinda.

Ndiyo maana inaudhi, na safu hii haitaacha kulisema: wanasiasa wakipata paka, humfanya tangazo kwanza, kiumbe baadaye. Novemba 2011 David Cameron, waziri mkuu wa wakati huo, alipomrushia panya uma wakati wa chakula cha jioni, walioandika kwamba Larry ni mvivu hawakuuliza amepokelewaje.

Paka wakongwe wa Downing Street walikuwa na bahati nzuri zaidi. Humphrey alijiingiza mwenyewe Downing Street mwaka 1989, akiwa paka asiye na kwao; hakubebwa na mtu, mwendo aliupanga yeye, akakaa chini ya mawaziri wakuu Thatcher, Major na Blair hadi 1997. Kabla yake Wilberforce, aliyechukuliwa mwaka 1973 kutoka kituo cha Hounslow cha shirika la wanyama la RSPCA, alihudumu chini ya mawaziri wakuu wanne, na Thatcher alimnunulia kopo la dagaa huko Moscow. Huyo ndiye kipimo cha paka wa kituoni aliyetulia kazini.

Somo halikushika. Mwaka 2016 Wizara ya Mambo ya Nje, jirani kabisa, ilimchukua Palmerston, dume mwingine kutoka Battersea. Madume wawili, mtaa mmoja, mipaka yao ikigusana: walipigana hadharani mbele ya wapiga picha. Palmerston alistaafu mwaka 2020. Larry alibaki, na Keir Starmer alipoingia mwaka 2024 akawa waziri mkuu wa sita kuishi naye humo. Alifaulu licha ya mapokezi yale.

Anayekwenda kituo cha wanyama cha KSPCA Nairobi, au kituo kingine chochote, kuchukua paka, aandae chumba kabla ya kuondoka nyumbani. Watoto waelezwe mapema kwamba hakuna kumbeba. Majirani waje wiki ijayo. Na simu ibaki mfukoni mpaka paka ale, atumie trei yake, na atoke mafichoni kwa hiari.