Pakanga si Dawa Mseto

Wako wafasiri wanaouita mmea wa Kichina qinghao, yaani Artemisia annua, kwa neno pakanga. Neno ni letu, na wasomaji wa Biblia wanalijua kutoka Ufunuo 8:11, ambako ni jina la nyota iliyoyatia maji uchungu. Lakini uchungu hautoshi kuwa kigezo cha istilahi. Pale Kibeta, Bukoba, ukitaja jani chungu la homa msikilizaji atafikiria omubirizi, naye hatakuwa amekosea kwa Kihaya chake. Hata hivyo omubirizi hauna artemisinini, dutu ambayo ugunduzi wake ulimpatia Tu Youyou Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Istilahi iliyofaulu ni dawa mseto, iliyoenea nchini tangu artemetheri na lumefantrini zilipoanza kutumika pamoja mwaka 2006. Kila mpishi anajua kwamba mchele bila choroko si mseto. Jina lenyewe linafundisha kwamba artemisinini haipewi peke yake.

Kwa hiyo kuandika kwamba "pakanga inatibu malaria" ni kosa zito kuliko kosa la sarufi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilikataa kuunga mkono matumizi ya majani yake kwa tiba hiyo, na usugu wa kiasi wa vimelea umekwisha kuthibitishwa mkoani Kagera. Napendekeza mmea uitwe pakanga ya Kichina, dutu iitwe artemisinini, na jina la dawa mseto libaki kwa vidonge tu.