Kuijua Kazi ya Mwashi Kabla ya Lipu

Mtu akitaka kuujua ustadi wa mwashi, asiungojee mwisho wa kazi, wakati kuta zimekwisha kupigwa lipu na rangi, milango imetiwa vitasa, na jamaa wanakuja kutoa pongezi. Maana wakati huo kila nyumba hupendeza, na iliyojengwa kwa khiana haipambanuki na iliyojengwa kwa amana. Saa ya kuhukumu ni ile ambayo nyumba ingali wazi, matofali yanaonekana, nondo zinaonekana, na zege limetoka kufunguliwa mbao zake. Wala kipimo kikubwa cha mwashi si kwamba kazi yake haina kasoro hata moja, kwa kuwa kazi ya mikono haikosi ila. Kipimo ni namna anavyoipokea kasoro hiyo anapoonyeshwa, na namna anavyoiondoa.

Tuanze na mchanga, kwa sababu katika mwambao wetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara, huko ndiko hadaa nyingi zinakoanzia. Mchanga wa ufukweni ni mweupe, na aghalabu bei yake ni nafuu, walakini chumvi iliyomo huingia ndani ya zege ikazishika nondo kwa kutu. Na kutu, kwa kuwa huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hulisukuma zege kutoka ndani hata likapasuka na kubanduka, ilhali mwenye nyumba adhani ni lipu tu iliyochoka na kupaka rangi mpya juu yake. Mchanga wa mtoni nao huweza kuwa na udongo mwingi. Utie katika chupa ya kioo hadi nusu, ujaze maji, uitikise kwa nguvu, kisha uiache itulie usiku kucha: mchanga utakaa chini, na udongo utafanya tabaka lake juu ya mchanga, tabaka hilo likizidi sehemu moja katika kumi ya kimo cha mchanga, usikubali mchanga huo uingie katika zege lako. Ama tofali, hukumu yake ni fupi: ligonge kwa tofali jingine ulisikilize, kwani lililoiva hutoa mlio mkavu, na lililonyimwa saruji hutoa mlio mzito na pembe zake humomonyoka kwa kidole.

Lakini linalostahili jicho lako kuliko yote ni nondo na zege. Kabla zege halijamwagwa, inama uangalie kama nondo zimelala juu ya udongo au zimegusa mbao, au kama zimeinuliwa kwa vipande vidogo vya zege, ili zipate kufunikwa kila upande, kiasi cha milimita 50 katika msingi na 25 hivi katika boriti za ndani; kwani nondo isiyofunikwa vya kutosha ni nondo iliyokwisha kuanza kuoza. Angalia ringi zinazozifunga, hususan karibu na maungio ya nguzo na boriti, ambako fundi mvivu huzipunguza na fundi mjuzi huzikaribiza. Kisha simama wakati wa kuchanganya. Mapatano ya kawaida kwa nyumba ndogo ni saruji sehemu moja, mchanga mbili na kokoto nne, na vibarua wengi huufuata mgawo huo asubuhi. Ifikapo adhuhuri, jua limekuwa kali na mikono imechoka, huongeza maji ili zege liwe jepesi kusukumwa, na maji hayo ya ziada yakikauka huacha vijitundu visivyoonekana vinavyolidhoofisha zege lote. Zege jema ni zito, huhitaji kushindiliwa, wala halitiririki kama uji.

Siku ya kufungua mbao, uwepo wewe mwenyewe. Nasisitiza neno hili kwa kuwa ndiyo siku ambayo tabia ya fundi hudhihirika. Penye boriti au nguzo iliyoshindiliwa vibaya utaona kokoto zimesimama peke yake bila saruji baina yake, na pengine nondo yenyewe inachungulia. Fundi mwenye insafu ataliacha zege hilo hivyo hivyo mpaka ulione. Atakata sehemu yote dhaifu mpaka afikie zege gumu, ataosha vumbi, ataloanisha, na kujaza zege la kokoto ndogo, na nondo ikiwa wazi atataka mhandisi aitwe kabla hajagusa kitu. Mwingine, mbao zikiisha kutoka, hupaka saruji nyepesi upesi upesi, na ukija jioni unakuta uso laini unaong'aa. Ulaini wa namna hiyo, juu ya zege la siku mbili au tatu, ni ithibati ya jambo linalofichwa.

Kuhusu nyufa, wengi huogopa zisizo na hatari na kudharau zilizo nazo. Nyufa nyembamba zilizotapakaa juu ya lipu, zisizo na mwelekeo, ni za lipu kukauka haraka, wala hazimpasi mtu kukosa usingizi. Ufa unaopanda kwa ngazi ukifuata maungio ya matofali, au unaotoka kwenye pembe ya dirisha ukaenda mshazari hadi chini, una habari ya msingi unaotitia. Tia alama ya kalamu kwenye ncha zake zote mbili, andika tarehe, na ugandishe kipande chembamba cha kioo juu yake kwa saruji. Kioo kikivunjika, ufa ungali unatembea, na kuuziba ni kupoteza saruji mpaka sababu yake ipatikane.

Sasa yaja mazungumzo. Usimkemee fundi mbele ya vibarua wake, maana aliyevunjiwa heshima huitetea heshima yake badala ya kuitazama kazi. Mwite kando, mpe timazi aishike yeye, umwambie, "Fundi, hebu tuupime ukuta huu pamoja." Akisema mwenyewe kwamba umetoka, mmekwisha kufika nusu ya suluhu, akisema lipu itaficha, mmejuana. Mlilokubaliana liandikwe katika daftari, kwa tarehe na sahihi za wote wawili. Malipo yafuate hatua za kazi, na sehemu ya mwisho, aghalabu asilimia 5 hadi 10, izuiliwe kwa muda wa miezi 6 au mwaka, ili nyumba ipitiwe na masika. Nawe jitazame kwa haki: aliyenunua saruji pungufu, au aliyeongeza ghorofa kinyume cha ramani, hana haki ya kumtupia mwashi taksiri yote.

Msamaha nao una mahali pake. Ukuta wa chumba ulioinama kwa unene wa kucha waweza kunyooshwa na lipu bila dhambi. Katika msingi, nguzo na boriti hakuna maslaha ya namna hiyo, hata kama fundi ni ndugu yako na hata kama kubomoa kutakula fedha za mwezi mzima. Tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka na kuua watu zaidi ya 30, wala halikuwa limefikia kukaliwa. Mkihitilafiana juu ya viungo hivyo, mwamuzi awe mhandisi aliyesajiliwa, na kwa Tanzania jina lake huulizwa kwa Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Ujira wa ukaguzi wake ni mdogo ukiulinganisha na gharama ya kujenga upya.

Basi wewe unayejenga, usitoe idhini ya kupiga lipu mpaka umepita chumba baada ya chumba pamoja na fundi wako, timazi mkononi na daftari limefunguliwa. Na kama waweza kungoja, ngoja mvua moja kubwa inyeshe kwanza.