Alizeti pori haitengenezi fosforasi

Kama umesoma kilimo, au umewahi kukaa kwenye semina ya mboji, bila shaka umeshasikia sifa za alizeti pori, ule mmea wa maua ya njano unaoota kando ya barabara na kwenye mipaka ya mashamba. Kata majani, fukia, panda, vuna. Makala inayotajwa sana hapo ni ya mapitio, iliyochapishwa mwaka 2000 katika jarida la Agroforestry Systems na Bashir Jama, Cheryl Palm na wenzao, kuhusu magharibi ya Kenya. Ni makala nzuri. Shida ni kwamba wengi tunaisoma nusu.

Tuanze na uzuri wake: inatoa namba. Majani ya alizeti pori, yakipimwa makavu, yana wastani wa naitrojeni asilimia 3.5, fosforasi 0.37 na potasiamu 4.1. Yakifukiwa yanaoza haraka, kwa hiyo mazao hayasubiri sana. Na katika baadhi ya majaribio, mahindi yalizaa hata kuliko yale yaliyowekewa mbolea ya viwandani yenye kiasi kilekile cha virutubisho hivyo vitatu. Hapo ndipo wengi tunapopiga makofi na kufunga kitabu.

Sasa hebu chukua kalamu. Tuseme unataka kuipa ekari moja ya mahindi kilo 25 za naitrojeni. Kwa asilimia 3.5, unahitaji kilo 714 za majani makavu. Lakini hukati majani makavu, unakata mabichi. Tukichukulia asilimia 80 ni maji, hiyo ni zaidi ya tani tatu na nusu. Kwa mzigo wa kilo 30 kichwani, ni safari karibu 120. Kwa jasho lote hilo umepata fosforasi kiasi gani? Kilo 2.6 tu. Mfuko mmoja wa DAP wa kilo 50 una karibu kilo 10.

Waandishi wenyewe hawakuficha hili. Wanasema wazi kwamba kazi ya kukata na kubeba inafanya majani haya yalipe zaidi kwenye mboga kuliko kwenye mahindi. Tena wanasema kuhamisha majani ni kugawa upya virutubisho vilivyopo, si kuongeza vipya. Alizeti pori si jamii ya kunde, haifungi naitrojeni ya hewani kama maharage. Na fosforasi hakuna mmea unaoitengeneza. Ukikata ua kila msimu bila kulirudishia kitu, mwisho ua nalo linachoka.

Ninapobishana nao ni kwenye neno "kugawa upya". Ni neno safi mno. Kugawa kutoka kwa nani kwenda kwa nani? Kama ua ni la jirani au la barabarani, ardhi ya mmoja inalisha shamba la mwingine. Na zile safari 120 zina shingo na kichwa cha mtu. Mara nyingi ni mwanamke.

Ukiisoma makala hii ukiwa Ujiji, swali linalofuata linakuja lenyewe: hapa kwetu kitu kipya kitaingiaje shambani? Jibu moja liko mwaloni. Pale Kibirizi, dagaa wakinyeshewa wakati wa kuanikwa wanaharibika. Mabaki yao yana naitrojeni, na mifupa ina fosforasi iliyotoka ziwani. Kwa shamba, hicho ni kiingizo cha kweli. Makapi ya michikichi nayo yana potasiamu, ila ni magumu na yana kaboni nyingi. Ukiyafukia peke yake, vijidudu vinanyang'anyana naitrojeni na mazao yako. Yachanganye kwenye lundo na mabaki ya dagaa na majani mabichi, kila kimoja kinafidia upungufu wa kingine.

Ila usinielewe vibaya, ziwa si ghala lisiloisha. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walionyesha katika jarida la Nature kwamba joto limepunguza kuchanganyika kwa maji ya Ziwa Tanganyika, hivyo virutubisho vya kilindini havipandi juu kama zamani. Walikadiria uzalishaji wa mimea midogo ya majini umeshuka kwa takriban asilimia 20. Kwa hiyo nazungumzia mabaki tu. Dagaa mzima ni chakula.

Kama unatafuta mada ya utafiti, hii hapa: mchicha katika bonde la mto Luiche, lundo la mchanganyiko dhidi ya majani matupu. Pima mavuno, lakini pima pia mizigo, saa, na nani amebeba. Bila safu hizo tatu kwenye jedwali lako, utakuwa umempa mkulima nusu ya hesabu, na nusu iliyobaki atailipa yeye.