Mgeni Pangoni

Katika ufundi wote wa kufundisha kompyuta, naupenda zaidi ule wa mwalimu anayemwambia mwanafunzi asiyejua kitu bado: "Tunga mchezo, mwenzako aucheze." Si mchezo wa magari wala wa risasi. Ni wa maneno matupu: uko chumbani, kaskazini kuna mlango, mezani kuna ufunguo, unafanya nini? Mchezaji anaandika amri, programu inajibu, safari inaendelea.

Michezo hii ina ukoo wake. Katikati ya miaka ya 1970, Will Crowther, mwandishi wa programu katika kampuni ya BBN huko Massachusetts, Marekani, aliandika kwa lugha ya Fortran mchezo uliofuata ramani ya sehemu ya Mammoth Cave, pango la Kentucky alilokuwa akilichunguza. Aliwatungia binti zake. Mwaka 1977 Don Woods wa Stanford aliupanua, nao ukaenea. Mchezo ule ulitazama herufi tano tu za mwanzo za kila neno. Ungeandikwa kwa Kiswahili, "fungua" na "funguo" vingekuwa kitu kimoja. Ni katika BBN hiyohiyo, mwaka 1967, ilikozaliwa Logo, lugha ambayo Wally Feurzeig, Seymour Papert na Cynthia Solomon waliibuni ili watoto wajifunze kwa kuunda.

Kuunda ndiko kunakozaa haja ya kujua. Mweleze mwanafunzi maana ya kigeu, yaani mahali programu inapoweka jambo la kukumbuka, atainakili daftarini na kuisahau. Lakini akitaka mlango ugome kufunguka mpaka mchezaji awe na ufunguo, atakidai kigeu mwenyewe, kwa kuwa programu lazima ikumbuke ufunguo uko wapi. Mchezo ukikatika baada ya amri ya kwanza, atauliza namna ya kuifanya programu irudie kuuliza, na hapo somo la kitanzi litapokelewa kwa mikono miwili. Mwalimu hodari husubiri swali hilo. Jibu analo, halitoi kabla ya wakati wake, na kunyamaza huko ni kugumu kuliko kuhutubia.

Ufundi wenyewe huonekana siku ya kubadilishana viti. Mtunzi anasimama nyuma ya mchezaji na haruhusiwi kusema neno. Mchezaji anaandika "chukua ufunguo". Skrini inajibu: umechukua ufunguo. Anaandika tena, inajibu vilevile. Sasa ana funguo mbili, na wa tatu bado uko mezani, maana mtunzi aliuongeza kwenye mfuko wa mchezaji akasahau kuuondoa mezani. Mbele kidogo programu inauliza kama anataka kuingia. Mtunzi alitarajia "ndiyo". Mchezaji kaandika "Ndio", kwa herufi kubwa na bila y. Programu inachukulia kwamba amekataa. Mtunzi anafungua mdomo ajitetee. Mwalimu anamnyamazisha kwa jicho.

Katika zoezi la hesabu, kosa ni kati ya mwanafunzi na mashine. Hapa ameingia mtu wa tatu, na huyo hatabiriki. Mashine hutii ilichoandikiwa. Binadamu hugusa asichotakiwa kugusa, huuchokonoa ukuta, hurudi alikotoka. Mwanafunzi analazimika kujiuliza swali jipya: huyu asiyejua ninachokijua mimi, atafanya nini?

Wapo wanaolalamika kwamba watoto humaliza vipindi wakipamba mazimwi na hazina, programu ikabaki mifupa. Malalamiko hayo yana ukweli, na dawa yake ni mipaka: vyumba vitano, vitu vitatu, miisho miwili, basi. Zimwi likitaka kuingia, lije na kazi: lilale mchezaji akiwa na taa, liamke akiwa hana. Kwa namna hiyo kila pambo linadai sharti lake katika programu, na hadithi inalipia nafasi yake.

Wengi wa wanafunzi hawa hawatatunga michezo maishani. Baadhi wataandika programu za hospitali, za benki na za kuomba vyuo. Sote tumewahi kukwama kwenye fomu inayoikataa namba ya simu kwa sababu ya nafasi moja iliyoachwa katikati ya tarakimu, bila kutuambia kosa liko wapi. Aliyeiandika huenda alijua programu vizuri sana. Alichokosa ni mwalimu wa kumsimamisha nyuma ya kiti cha mgeni na kumwamuru anyamaze, atazame.