Pumzi za Wanawake wa Jeju

Katika kisiwa cha Jeju, Korea Kusini, wapo wanawake wanaozama baharini bila mtungi wa hewa, wakatafuta pweza, konokono wa baharini na mwani kwa pumzi waliyoivuta juu ya maji. Huitwa haenyeo. Wengi wao wameshavuka miaka 60, na wapo wa miaka 80 ambao bado huzama.

Mtazame mmoja anapoibuka. Anakumbatia boya lake, ambalo zamani lilikuwa kibuyu kikavu, na wavu wa mavuno umening'inia chini yake. Halafu anatoa pumzi kwa mluzi mrefu, mwembamba, unaosikika mbali. Mluzi huo huitwa sumbisori. Hewa iliyochoka inatoka taratibu, mpya inaingia, mabega yanalegea. Hana pupa. Kisha kichwa chini, miguu juu, keshakwenda.

Vijana wanaojifunza mbizi za pumzi moja huulizia sana maumbile: je, lazima uwe mrefu, mwembamba, mwenye mapafu makubwa? Wana haki ya kuuliza. Ukifika mita 10, hewa iliyo mapafuni hubanwa ikabaki nusu. Mita 30, robo. Mwenye mapafu makubwa na kifua chenye kunyumbuka ana akiba. Na kuna waliozaliwa nayo: utafiti uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kwamba Wabajau wa Indonesia wana bandama kubwa kwa karibu nusu kuliko jirani zao Wasaluan, hata wale Wabajau wasiozama. Bandama hujikaza mtu anapozuia pumzi, ikasukuma chembe nyekundu za damu zilizobeba oksijeni.

Jeju nako watafiti walikuta kitu cha kurithi, kinachohusiana na shinikizo la damu, na wanacho wenyeji wa kisiwa, wazame wasizame. Lakini walipowatumbukiza uso katika maji baridi huku wamezuia pumzi, mapigo ya moyo ya haenyeo yalipungua zaidi kuliko ya jirani zao wasiozama. Asili ni ile ile, mioyo haifanani. Tofauti hiyo imejengwa na miaka ya kazi, na mimi ndiyo ninayoistaajabia kuliko bandama yoyote.

Tena wanafunzi wengi hukwamishwa na masikio, wala si mapafu. Kifua kipana hakisaidii kitu hapo. Lazima ulimi ujifunze kusukuma hewa kidogo kidogo kuelekea masikioni, kabla maumivu hayajaanza, na zoezi hilo hufanywa nchi kavu, siku nenda siku rudi. Misuli mikubwa nayo hula oksijeni. Wala umri si kizuizi: Natalia Molchanova wa Urusi alianza mchezo wa mbizi za pumzi moja akiwa na miaka 40 hivi. Mwaka 2013, akiwa na miaka 51, alizuia pumzi kwa dakika 9 na sekunde 2.

Haenyeo wana daraja tatu: hagun, junggun na sanggun. Anayeanza hubaki kwenye maji mafupi karibu na mawe, akiwafuata wakubwa kwa macho. Anayefika sanggun si lazima awe na umbo la kutisha. Ni yule anayejua mwamba upi una nini msimu huu, mkondo unageuka saa ngapi, na pumzi aliyonayo inatosha kumfikisha wapi na kumrudisha.