Je, Mfumo wa Faili "Huanguka"?

Miongoni mwa maneno yanayohitaji kutazamwa upya katika tafsiri za maelezo ya kompyuta ni kitenzi "kuanguka". Aghalabu hutumiwa kueleza kila hitilafu inayotokea wakati wa kusakinisha mfumo endeshi. Programu ikikatika, "imeanguka". Diski ikishindwa kusomeka, "imeanguka". Mfumo wa faili ukivurugika, nao "umeanguka". Kwa maoni yetu istilahi hii haifai, kwani inaficha tofauti ambazo fundi hana budi kuzijua kabla ya kugusa chochote.

Mfumo wa faili ni utaratibu unaoiwezesha kompyuta kujua kila faili imewekwa wapi katika diski. Waweza kufananishwa na rejista ya masjala: majalada yamo rafuni, lakini rejista ndiyo inayoonyesha kila moja liliko. Umeme ukikatika wakati wa kuandika, rejista huweza kubaki na maingizo yasiyokamilika. Ndiyo sababu ext3, iliyoingizwa katika Linux mwaka 2001, na ext4, iliyoifuata na kutangazwa kuwa thabiti mwaka 2008, hutunza shajara. Mabadiliko ya rejista huandikwa humo kwanza, ili baada ya ajali yaweze kukamilishwa au kuachwa.

Basi yafaa tutofautishe mambo matatu. Programu ya usakinishaji ikiacha kufanya kazi, tuseme "imekatika". Hapo hukaguliwa kama nakala yake ni kamili, kisha huanzishwa upya. Rejista isipopatana na yaliyomo, tuseme mfumo wa faili "umevurugika". Huo hurekebishwa kwa programu kama fsck, baada ya kutenganishwa na mfumo endeshi unaotumika. Diski yenyewe ikishindwa kusoma au kuandika, tuseme "imeharibika". Hapo kuirekebisha rejista huweza hata kuongeza hasara; la kwanza ni kunakili kilichosalia, na la pili ni kubadili diski.

Watumiaji wenyewe husema kompyuta "imegoma" au "imekwama". Maneno hayo yanafaa katika mazungumzo, kwa kuwa hayadai kutaja chanzo cha hitilafu. Mwandishi wa maelekezo, hata hivyo, hawezi kutosheka nayo.

Kosa la hatari zaidi ni kuita kufomati "kuandaa diski". Karani anayesoma "andaa diski" hudhani kwamba anaambiwa aiweke tayari tu, kumbe anaagizwa kuanzisha rejista mpya iliyo tupu na kuiacha ya zamani ipotee. Kazi yake ya miaka mingi huweza kutoweka kwa sababu mfasiri alichagua neno la upole. Twapendekeza neno "kufomati", ambalo mafundi wamekwisha kulizoea, litumike waziwazi na liambatane daima na onyo kwamba faili zote zitapotea. "Kurekebisha" kubakie kwa kazi ambayo kusudi lake ni kuziokoa faili.

Tunawaomba wasomaji, hasa walimu wa kompyuta na wafasiri wa nyaraka za Serikali, wayapime mapendekezo haya ndani ya maelekezo kamili ya usakinishaji, wala si katika orodha ya maneno pekee. Huko ndiko itakakodhihirika kama msomaji ameelewa afanye nini, na asifanye nini.