Deni la Bodi na Nyumba ya Kwanza Pasiansi

Tarehe 1 Mei 2021, katika Uwanja wa CCM Kirumba jijini Mwanza, jirani kabisa na Pasiansi, Rais Samia Suluhu Hassan aliwatangazia wafanyakazi mambo mawili yaliyogusa mishahara yao. Kiwango cha chini cha kodi ya mapato ya ajira kingeshuka kutoka asilimia 9 hadi 8, na tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mikopo ya elimu ya juu ingefutwa. Yote mawili yalianza Julai mwaka huo. La kwanza ni jepesi kuliko linavyosikika: asilimia 1 ya kipande cha mshahara kilicho kati ya shilingi 270,000 na 520,000 haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. La pili ndilo lililowasogezea nyumba watumishi wengi waliosomeshwa kwa mkopo, na linastahili kupigiwa hesabu.

Tuchukue mtumishi wa mfano anayepanga Pasiansi, mshahara wake shilingi 1,500,000 kwa mwezi. Mfuko wa pensheni unachukua asilimia 5, yaani 75,000. Bima ya afya asilimia 3, yaani 45,000. Kodi ni 255,500. Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15, kiwango kilichopandishwa kutoka asilimia 8 mwaka 2016, nayo ni 225,000. Anabakiwa na 899,500. Utaratibu wa utumishi unataka theluthi moja ya mshahara ibaki mkononi mwake, kwa hiyo 500,000 haziguswi. Benki ina nafasi ya kukata 399,500 tu.

Kwa riba ya asilimia 17 na muda wa miaka 15, marejesho hayo yanabeba mkopo wa nyumba wa shilingi milioni 26 hivi. Riba ikishuka hadi asilimia 15, nafuu ambayo watu wengi wanaisubiri, mkopo unapanda hadi milioni 28 na nusu. Sasa tuirudishe riba kwenye asilimia 17, tuondoe deni la Bodi. Nafasi ya makato inakuwa 624,500, na mkopo unaruka hadi milioni 40 na nusu. Kumaliza deni la chuo kunaongeza zaidi ya milioni 14. Nafuu ya riba ya asilimia 2 nzima haifiki milioni 3.

Ndiyo maana siwaelewi wanaoahirisha kununua wakisubiri Riba ya Benki Kuu ishuke. Ilianza na asilimia 5.5 Januari 2024, ikapanda hadi 6 Aprili, ikashushwa hadi 5.75 Julai 2025. Hata kama benki ya biashara ingemshushia mkopaji robo hiyo yote, marejesho ya mkopo wa milioni 26 yangepungua kwa shilingi 4,600 hivi kwa mwezi. Na kwa kawaida haishushi yote, wala haishushi upesi.

Turudi kwenye tozo iliyofutwa. Mtu aliyekuwa anadaiwa milioni 12 alitozwa takriban 60,000 kwa mwezi mwanzoni, ndani ya yale makato yake ya 225,000. Deni lingemchukua miezi 63. Bila tozo ni miezi 54. Miezi 9 imekatwa bila yeye kuongeza senti.

Jambo ambalo wengi hawalitazami ni kwamba benki inapima makato yaliyomo kwenye hati ya mshahara, si salio la deni. Mwenye salio la milioni 10 na mwenye salio la 1,800,000 wote wanakatwa 225,000, na wote wanakopesheka sawa. Kwa hiyo miezi ya mwisho ya deni la Bodi ndiyo inayokuzuia kwa gharama kubwa kuliko yote. Anayebakiwa na chini ya marejesho ya mwaka mmoja, na ana akiba, alipe yote kwa mkupuo, kisha asubiri hati ya mshahara isiyo na makato hayo ndipo aende benki. Anayedaiwa zaidi ya hapo aitunze akiba, kwa sababu benki itamtaka achangie sehemu ya bei kutoka mfukoni mwake.

Wapo wanaosema watasubiri mafao ya kustaafu. Kwa mtumishi wa umma, mkupuo uliokuwa asilimia 50 uliwekwa asilimia 33 Julai 2022, kisha ukatangazwa kuwa 40 katika bajeti ya 2024. Nyumba ya kwanza haifai kutegemea kikokotoo kinachobadilika hivyo.

Kwa Pasiansi kuna sharti jingine, na hilo halina hesabu ya kulizunguka. Nyumba nyingi za milimani hapa Mwanza zilijengwa kabla ya upimaji na zinauzwa kwa karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri na mwenyekiti wa mtaa. Benki haiweki rehani ya miaka 15 juu ya karatasi hiyo. Inataka hati miliki. Eneo likiwa limepimwa kwa urasimishaji lakini hati haijatoka, mwachie muuzaji aifuatilie kabla hujamlipa. Kama ni nyumba ya familia, ridhaa ya mwenzi wake iwe ya maandishi. Tenga pia asilimia 1 ya bei kwa ushuru wa stempu.

Sishauri mtu akope mpaka mwisho wa theluthi. Shilingi 500,000 kwa mwezi kwa miaka 15, watoto wakiwa shuleni, ni maisha magumu mno. Mwenye uwezo wa milioni 40 achukue 30 na alale. Wiki hii, kabla hujaenda kutazama nyumba yoyote, omba Bodi taarifa ya salio lako na uligawanye kwa makato yako ya mwezi.